Sidney Poitier: Kutoka kuosha vyombo New York hadi tuzo ya Oscar

Wengi wetu tunaoishi huku ughaibuni tulianzia jikoni. Hatusemi hivi kwa kujidharau, ndio ukweli wenyewe. Mtu anatua na shahada yake, au bila shahada, na kazi ya kwanza anayoipata ni kuosha vyombo mgahawani, kufagia maofisi usiku au kubeba maboksi ghalani. Nyumbani wanadhani mambo ni mazuri. Wakiuliza hali tunajibu kuwa tunaendelea vizuri, na wakati mwingine tunaacha kabisa kuwasiliana nao kwa sababu hatuna cha kuwatumia.

Leo tumeamua kuwaletea habari za mtu aliyepitia hayo yote kabla yetu, tena katika wakati uliokuwa mgumu zaidi kwa mtu mweusi. Naye ni mcheza sinema maarufu Sidney Poitier, mtu mweusi wa kwanza kupata tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora wa kiume, ambaye alifariki dunia mjini Los Angeles tarehe 6 Januari 2022 akiwa na umri wa miaka 94. Wasomaji wetu wenye umri mkubwa huenda wanamkumbuka kama yule mwalimu mpole mwenye suti katika sinema ya To Sir, with Love. Wengi waliomwona akiwa na suti ile hawakujua kuwa alipofika New York alikuwa akilala chooni.

MTOTO NJITI NA BOKSI LA VIATU

Wazazi wake, Mzee Reginald na Bi. Evelyn, walikuwa wakulima wa nyanya katika Cat Island, kimoja kati ya visiwa vya Bahamas. Nyanya zao walikuwa wakizipeleka kwa mashua kuuza Miami, jimbo la Florida, Marekani. Mwezi wa Februari 1927 walikuwa huko Miami kwa biashara hiyo wakati Bi. Evelyn aliposhikwa na uchungu kabla ya wakati. Mtoto alizaliwa tarehe 20 akiwa njiti, uzito wake haukufika hata kilo moja na nusu. Baba yake, ambaye alikuwa amekwishazika watoto wengine, alitoka akarudi na boksi la viatu ili wamzikie humo.

Mama hakukubali. Poitier mwenyewe amesimulia katika vitabu vyake kwamba mama yake alitoka kwenda kwa mpiga ramli, akarudi akisema mtoto huyu ataishi, na boksi lile likaondolewa. Mtoto aliishi kweli. Na kwa kuwa alizaliwa kwenye ardhi ya Marekani, alipata uraia wa nchi hiyo bila mtu yeyote kupanga iwe hivyo. Wale wetu waliowahi kuhangaikia makaratasi wataelewa bahati hiyo ina maana gani.

Alikuwa wa mwisho katika watoto saba. Kule kisiwani hakukuwa na umeme, maji ya bomba wala barabara ya lami. Watu karibu wote walikuwa weusi, na mtoto hakuwa na sababu ya kufikiria rangi yake. Alikuwa na umri wa miaka kumi wakati jimbo la Florida lilipozuia nyanya za Bahamas zisiingie, biashara ya baba yake ikafa na familia ikahamia mji mkuu wa Nassau kutafuta maisha. Huko ndiko alikoona gari kwa mara ya kwanza.

Huko Nassau pia ndiko alikoona sinema ya kwanza, ya wachunga ng'ombe wenye bastola na farasi. Amesimulia kwamba ilipokwisha alikimbia akazunguka nyuma ya jengo, akasimama kusubiri ng'ombe na wale watu watoke. Alisubiri sana. Wenzake walipoelewa alichokuwa akingoja walimcheka mpaka wakachoka.

Shule alisoma muda mfupi sana, kama mwaka mmoja na nusu hivi, kisha akaacha kwenda kufanya kazi za mikono ili kuisaidia familia. Mitaa ya Nassau ilikuwa na vishawishi vyake, na baba yake akaanza kuogopa kwamba kijana ataishia gerezani. Akiwa na umri wa miaka 15 akampandisha meli kwenda kwa kaka yake mkubwa, Miami. Aliagana na baba yake bandarini akiwa na dola chache mfukoni.

MLANGO WA MBELE NA MLANGO WA NYUMA

Miami ya mwaka 1943 ilikuwa mji wa ubaguzi wa rangi wa kisheria. Kijana aliyetoka kisiwani hakuzijua kanuni zake. Alipata kazi ya kupeleka mizigo kwenye nyumba za wateja, na siku moja alikwenda kwenye nyumba ya mama mmoja wa kizungu tajiri akabisha mlango wa mbele. Mama yule akamwambia azunguke mlango wa nyuma. Sidney hakuelewa kwa nini, kwa sababu yeye alikuwa amekwishafika na mwenye mzigo alikuwa amesimama mbele yake. Mlango ulipofungwa kwa kishindo, aliuacha mzigo pale pale kizingitini akaondoka zake.

Siku chache baadaye alirudi nyumbani usiku akakuta taa zimezimwa na jamaa zake wamelala chini sakafuni kwa hofu. Watu wa kundi la Ku Klux Klan walikuwa wamefika kumtafuta.

Hapo akaamua kuondoka Miami, akaelekea kaskazini mpaka New York. Alikuwa na umri wa miaka 16 na hakumjua mtu hata mmoja. Kwa kuwa hakuwa na pesa ya chumba, alijifungia katika choo cha kulipia cha kituo cha mabasi akalala humo, na usiku mwingine alipanda juu ya paa la jengo akalala kwa kujifunika magazeti. Kazi aliyoipata ilikuwa ile ile tunayoijua sisi, kuosha vyombo. Alikuwa akihama kutoka jiko moja hadi jingine, analipwa kidogo na kupewa chakula. Mwezi Agosti mwaka huo huo ghasia zilipozuka Harlem, yeye aliyekuwa njiani tu alipigwa risasi ya mguu.

Kisha majira ya baridi yakaingia. Mtu wa Bahamas hakuwa na koti. Alidanganya umri wake akajiunga na jeshi, si kwa kupenda vita bali kwa sababu jeshini kuna joto na kitanda. Alipelekwa kuhudumu katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya wanajeshi wastaafu huko Northport, karibu na New York. Alichukizwa na jinsi wagonjwa walivyokuwa wakitendewa, akajifanya na yeye amerukwa na akili ili aachiliwe. Mwishoni mwa mwaka 1944 akawa amerudi mtaani.

Baridi ilimshinda mpaka akamwandikia barua Rais Franklin Roosevelt, akijieleza kuwa yeye ni kijana wa Bahamas na akiomba amkopeshe dola 100 za nauli ya kurudi kwao. Jibu halikuja. Baadaye alipokuwa mtu mashuhuri alikuwa akiisimulia habari hii huku akicheka.

"NENDA UKATAFUTE KAZI YA KUOSHA VYOMBO"

Mwaka 1945 alikuwa akipekua gazeti la watu weusi wa New York, Amsterdam News, katika ukurasa wa matangazo ya kazi. Alikuwa akitafuta tangazo la waosha vyombo. Ukurasa wa pili yake palikuwa na tangazo jingine kwamba wanatafutwa waigizaji. Akasema moyoni, kama waosha vyombo wanatafutwa na waigizaji nao wanatafutwa, basi kwa nini nisijaribu hili la pili?

Tangazo lilikuwa la American Negro Theatre, kikundi cha maigizo cha watu weusi kilichoanzishwa mwaka 1940 na kilichokuwa na ukumbi wake mdogo chini ya maktaba ya Harlem. Aliyempokea alikuwa Frederick O'Neal, mmoja wa waanzilishi. O'Neal alimpa mswada akamwambia apande jukwaani asome. Sidney alikuwa hajawahi kuona mswada wa tamthilia maishani mwake. Kusoma kwenyewe alikuwa akijua kwa kuungaunga, neno moja moja, tena kwa lafudhi nzito ya visiwani.

Hakufika mbali. O'Neal alipanda jukwaani, akamnyang'anya mswada, akamshika nyuma ya shingo na kumsukuma mpaka mlangoni. Alimwambia aache kuwapotezea watu wakati, akatafute kazi anayoiweza kama kuosha vyombo.

Njiani kuelekea kituo cha basi ndipo maneno yale yalipoanza kumchoma. Sidney hakuwa amemwambia yule bwana kuwa ni mwosha vyombo. Ina maana mtu amemtazama dakika chache tu na kuona kwamba hana kingine katika maisha yake isipokuwa kuosha vyombo. Poitier ameeleza kwamba siku ile hakuwa na hamu yoyote ya kuwa mwigizaji. Alichokitaka ni kurudi pale siku moja na kumwonyesha O'Neal kwamba amekosea, kisha aendelee na mambo yake.

Tunaomba wasomaji watazame vizuri jambo hili. Kuosha vyombo si aibu, na Poitier mwenyewe hakulionea aibu kamwe. Kilichomuuma ni mtu mwingine kumwekea mwisho wa safari yake. Wangapi kati yetu tumewahi kuambiwa maneno kama yale, na bosi, na ofisa, au hata na ndugu, tukayakubali?

MHUDUMU MZEE ALIYEMFUNDISHA KUSOMA

Kitu cha kwanza alichofanya ni kununua redio. Kila alipopata nafasi alikaa karibu nayo akisikiliza watangazaji, hasa mtangazaji mmoja aliyeitwa Norman Brokenshire, akarudia kila alichokisema mpaka lafudhi ikaanza kubadilika. Ile sauti ya Poitier iliyokuja kujulikana dunia nzima, yenye kila neno lililo wazi kama limepimwa, aliitengeneza mwenyewe chumbani kwa redio ya bei nafuu.

Lakini redio haiwezi kumfundisha mtu kusoma. Wakati huo alikuwa akiosha vyombo katika mgahawa mmoja eneo la Queens. Usiku kazi ikipungua alikaa pembeni karibu na jiko na gazeti mkononi. Mhudumu mmoja wa meza, Myahudi wa makamo ya uzee, alimwona akamuuliza kuna habari gani mpya gazetini. Sidney akamjibu kwa ukweli kwamba hawezi kumwambia, kwa sababu hajui kusoma vizuri. Yule mzee akamuuliza kama angependa wasome pamoja.

Tangu usiku ule, kwa wiki nyingi, kila kazi ilipokwisha mzee alikaa naye mezani. Sidney akasoma, na pale aliponasa mzee akamweleza neno lile linasomwaje na lina maana gani, akamwonyesha mkato ni nini na kwa nini mtu hupumzika pale. Hakumtoza senti. Naye alikuwa amesimama tangu asubuhi, miguu imechoka, na alikuwa na kwake pa kurudi.

Mwaka 2013, katika mahojiano na televisheni ya CBS, Poitier alikuwa na umri wa miaka 86 na alikwishapata kila heshima ambayo mwigizaji anaweza kuipata. Alipofika kwenye habari ya mzee yule machozi yalimtoka. Alisikitika kwamba hakupata nafasi ya kumshukuru.

Miezi kama sita baada ya kufukuzwa, alirudi American Negro Theatre kujaribu tena. Kwa kuwa hakujua tamthilia zinapatikana wapi, alikariri kipande cha hadithi kutoka jarida la True Confessions, la hadithi za mapenzi za akina mama, akasimama kukisema mbele ya watu. Kwa vile wanaume walikuwa wachache, walimpokea kwa miezi mitatu ya majaribio. Miezi ilipokwisha waliona bado hafai. Hapo ndipo alipowapa pendekezo. Aliona kwamba ukumbi hauna mtu wa usafi, akawaambia atafagia na kutoa takataka bila mshahara ikiwa watamwacha aendelee kusoma. Walikubali. Kwa hiyo mtu aliyeambiwa akaoshe vyombo aliingia katika uigizaji kwa kushika ufagio.

BAHATI YA MTU KUTOA MAJIVU

Kikundi kilipoandaa igizo la Days of Our Youth, nafasi aliyoitaka alipewa kijana mwingine mzaliwa wa New York mwenye asili ya Karibiani, Harry Belafonte. Wawili hawa walipishana kuzaliwa kwa siku tisa tu, na wakawa marafiki mpaka uzeeni. Sidney alipewa nafasi ya akiba, yaani acheze iwapo Belafonte hatafika.

Belafonte naye alikuwa na kibarua cha usafi kwenye jengo la makazi. Usiku mmoja hakuweza kufika kwa sababu ilibidi abaki kazini kutoa majivu na takataka. Sidney akapanda jukwaani badala yake. Usiku huo huo katika ukumbi alikuwapo mwongozaji wa Broadway, James Light, naye alipomwona akamwita kwenye igizo la Kigiriki la Lysistrata lililokuwa litachezwa na waigizaji weusi watupu. Belafonte alikuwa akitania miaka yote kwamba umaarufu wa rafiki yake ulitokana na takataka.

Usiku wa kwanza wa Lysistrata, Oktoba 1946, Sidney alichungulia pazia akaona ukumbi umejaa watu, akaingiwa na hofu. Alipotoka alianza kusema maneno ya mbele nyuma na ya nyuma mbele. Watu wakacheka, yeye akakimbia jukwaani akiamini amekwisha. Kesho yake wahakiki wa magazeti waliliponda igizo lakini wakamsifu yule kijana mchekeshaji. Igizo lilichezwa mara nne tu likafungwa, ila jina lake lilikuwa limeandikwa. Akachukuliwa katika igizo la Anna Lucasta lililozunguka miji mbalimbali ya Marekani.

KURUDI NYUMBANI BAADA YA MIAKA MINANE

Sinema yake kubwa ya kwanza ilikuwa No Way Out ya mwaka 1950, iliyoongozwa na Joseph Mankiewicz, ambapo alicheza kama daktari mweusi anayeandamwa na mhalifu mbaguzi. Alikuwa na umri wa miaka 22 akadanganya kuwa ana 27 ili aipate.

Baada ya kumaliza sinema hiyo ndipo alipokwenda kwao Nassau. Ilikuwa imepita miaka ipatayo minane na katika muda wote huo hakuwa amewaandikia wazazi wake. Sababu aliyoitoa ni ile ile tunayoijua sisi. Mtu anayekwenda ughaibuni anatarajiwa kutuma chochote, naye hakuwa na cha kutia ndani ya bahasha, akaona aibu kuandika barua tupu. Wazazi hawakujua kama yu hai. Alifika bila taarifa akawakuta nyumbani, na alipoondoka aliwaachia sehemu kubwa ya pesa alizolipwa.

Utawala wa kikoloni wa Bahamas uliizuia sinema ile isionyeshwe, wananchi wakalalamika mpaka ikaruhusiwa. Wazazi wake walikwenda kuitazama. Mama yake hakuwa amewahi kuona sinema, na ilipofika mahali yule mhalifu anampiga Sidney kwa bastola, aliinuka ukumbini akapiga kelele kumtaka mwanawe naye arudishe kipigo.

Sinema iliyofuata, Cry, the Beloved Country, ilipigwa Afrika Kusini chini ya serikali ya ubaguzi. Ili Poitier na mwenzake Canada Lee waweze kuingia na kufanya kazi pale, waliandikishwa kama vibarua wa mkataba wa mwongozaji wao. Waigizaji wawili kutoka Hollywood, kwenye makaratasi ni vibarua wa mzungu.

ALIPOKATAA DOLA 750 KWA WIKI

Wengi hufikiri kuwa mtu akishaonekana kwenye sinema mbili tatu shida zimekwisha. Kwa Poitier haikuwa hivyo. Nafasi za watu weusi zilikuwa chache, na yeye akarudi kwenye vibarua. Alishirikiana na rafiki kufungua mgahawa mdogo wa mbavu za kuchoma huko Harlem, na mara nyingine waosha vyombo walikuwa ni wao wenyewe.

Alikuwa ameoa, ana mtoto na mwingine yuko njiani, wakati wakala mmoja aitwaye Martin Baum alipomwita kwa ajili ya nafasi katika sinema yenye malipo ya dola 750 kwa wiki. Alitakiwa kucheza kama mfanyakazi wa usafi ambaye ameona uhalifu. Wahalifu wanamuua bintiye na kumtupa mbele ya nyumba ili kumtisha, naye ananyamaza kimya bila kufanya lolote. Poitier aliusoma mswada akarudi kusema hapana.

Baum hakumwelewa. Hakuna tusi ndani ya mswada, hakuna ubaguzi, sasa tatizo nini? Wakati ule Poitier hakumweleza sababu. Baadaye alisimulia kwamba alimfikiria baba yake, mkulima masikini wa nyanya, akajua kuwa mzee yule asingekaa kimya mwanawe anauawa. Hakutaka kucheza baba ambaye baba yake mwenyewe angemwonea haya.

Akatoka ofisini humo akaenda moja kwa moja kwenye duka la mikopo, akaweka rehani samani zake na kukopa dola 75 za kulipia gharama za hospitali ya uzazi. Muda ukapita, Baum akamwita tena kutaka kujua sababu, na aliposikia akamwambia kuwa mtu mwenye wazimu wa namna hiyo anataka kumsimamia. Alikuwa wakala wake kwa miaka mingi sana iliyofuata.

Si mara hiyo moja tu. Alipoitwa kucheza Blackboard Jungle, sinema ya mwaka 1955 iliyomfungulia milango, wanasheria wa kampuni walimtaka atie saini karatasi ya kuwakana Paul Robeson na Canada Lee, wasanii weusi waliokuwa wakiandamwa kwa siasa zao. Walikuwa watu aliowaheshimu. Alikataa, na mwongozaji Richard Brooks akampa kazi hivyo hivyo.

Mwongozaji huyo huyo ndiye aliyemleta Poitier Kenya, katika kipindi cha hali ya hatari, kupiga sinema ya Something of Value ya mwaka 1957 iliyohusu Mau Mau, ambamo alicheza kama Kimani. Na mwaka 1959, marehemu Tom Mboya alipokuwa akihangaika kupata nauli za wanafunzi wa Kenya kwenda vyuo vya Marekani, Poitier alitia saini barua ya kuchangisha fedha pamoja na Belafonte na mchezaji wa besiboli Jackie Robinson. Wanafunzi 81 walisafiri kwa ndege ya kwanza mwaka huo. Mtu ambaye hakumaliza hata miaka miwili ya shule alisaidia vijana wa kwetu kufika chuo kikuu.

USIKU WA TAREHE 13 APRILI 1964

Mwaka 1958 alicheza The Defiant Ones, akawa mtu mweusi wa kwanza kupendekezwa kwa Oscar ya mwigizaji bora wa kiume. Hakuipata. Kisha akacheza Lilies of the Field ya mwaka 1963, sinema ndogo iliyopigwa kwa wiki mbili Arizona kwa bajeti finyu, naye akakubali malipo ya chini ili itengenezwe. Tarehe 13 Aprili 1964 jina lake likatajwa, na jukwaani akasema ilikuwa safari ndefu kufika pale.

Mwaka 1967 peke yake alitoa To Sir, with Love, In the Heat of the Night na Guess Who's Coming to Dinner. Ni haki kusema pia kwamba walikuwapo watu weusi waliomlaumu wakati huo, wakidai kuwa watu aliowaigiza ni wapole mno na wasio na dosari, ili wazungu wasikwazike. Lawama hizo zilimuuma na hakuzipuuza, akahamia zaidi katika kuongoza sinema mwenyewe. Lakini yeye alikuwa peke yake mlangoni, na mtu aliye peke yake hubebeshwa mzigo wa wote. Ilipita miaka 38 kabla ya mwanamume mwingine mweusi, Denzel Washington, kupata tuzo hiyo mwaka 2002, usiku ule ule Poitier alipopewa Oscar ya heshima.

Aliiwakilisha Bahamas kama balozi nchini Japani kuanzia mwaka 1997 hadi 2007, na mwaka 2009 Rais Barack Obama alimvisha nishani ya juu kabisa ya raia wa Marekani. Barua ya kijana wa baridi kwa Rais Roosevelt haikujibiwa, lakini miaka zaidi ya 60 baadaye aliingia Ikulu ya Marekani kwa mwaliko.

Wazee wetu walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na kwa kijana anayesoma makala hii akiwa kwenye mapumziko ya zamu ya usiku hatuna la kuongeza hapo. Tunawaomba mambo mawili tu. La kwanza, piga simu nyumbani hata kama huna cha kutuma, kwa maana wazazi wa Poitier walikaa miaka minane bila kujua kama mtoto wao yu hai, na hawakuwa wakisubiri pesa. La pili ni kwa sisi tuliotangulia, tunaojua lugha na njia za nchi hizi. Pale kazini kuna mgeni amekaa pembeni na karatasi asiyoielewa. Nusu saa baada ya kazi haitatufilisi.